Je, wajua kwa nini sosi ya saladi inaweza kunoga bila tone la mafuta?

Chukua jani la saladi ulidondoshee maji. Matone yatajikunja na kuteleza hadi chini, na jani litabaki kavu. Karibu kila jani lina utando mwembamba wa nta unaouzuia mmea usikauke juani, na nta na maji havipatani kabisa. Sasa lidondoshee jani hilohilo mafuta ya alizeti: yanatandaa, yanashika, na yakikaa kidogo yanapenya mpaka jani linalegea.

Hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kutia mafuta kwenye saladi. Ndimu peke yake, au siki peke yake, ni majimaji. Inateleza juu ya majani na kutuama chini ya bakuli, na anayepakua wa mwisho anakutana na uchachu wote.

Mafuta yana kazi mbili zaidi. Yanapoza makali ya asidi, ndiyo maana sosi ya Kifaransa iliyozoeleka huchukua vipimo 3 vya mafuta kwa kipimo 1 cha siki. Tena yanabeba harufu, kwa kuwa sehemu kubwa ya vitu vinavyonukia kwenye bizari, kitunguu saumu na pilipili huyeyuka vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Kwa hiyo anayeondoa mafuta amewaondoa wafanyakazi watatu kwa mpigo: wa kushikisha, wa kupoza na wa kubeba harufu. Akiacha ndimu na chumvi peke yake, lazima alalamike kwamba saladi haina ladha. Habari njema ni kwamba kila kazi ina wa kuishika, na wengi wao wanauzwa sokoni kwetu kwa bei ndogo.

Kwa nini mtu ayaondoe? Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu 1 ya wanga au ya protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote ya kumimina, yawe ya alizeti au ya zeituni, kina kama kalori 120. Ukimimina kwa macho, vijiko vinne vinaingia bila wewe kujua, na hapo umetia karibu kalori 480 kwenye bakuli la nyanya, matango na majani ambayo yenyewe huenda hayafiki hata 100. Sisemi mafuta ni sumu; mwili unayahitaji. Lakini kwenye saladi ndipo yanapotiwa kwa wingi bila kupimwa, na kwa mtu anayepunguza uzito, au aliyeambiwa na daktari apunguze mafuta, hapa ndipo pa kuanzia kwa urahisi.

Ila kuna jambo ambalo wengi wanaohubiri saladi isiyo na mafuta hawalisemi, na mimi naliona ndilo muhimu kuliko yote. Rangi ya karoti, wekundu wa nyanya, na rangi ya njano iliyojificha chini ya kijani cha mchicha ni karotenoidi. Mojawapo ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ile ya macho na kinga. Karotenoidi haziyeyuki kwenye maji. Zisipopata mafuta ya kuzibeba tumboni, nyingi zinapita na kutoka zilivyoingia. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, waliwalisha watu saladi yenye sosi isiyo na mafuta hata kidogo, kisha yenye gramu 6 za mafuta, kisha yenye gramu 28, wakapima damu zao. Waliokula sosi isiyo na mafuta walionekana kuambulia karibu patupu. Mwaka uliofuata, wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walitumia parachichi: saladi iliyotiwa parachichi iliwapa walaji beta-karotini mara 15 kuliko saladi ileile bila parachichi.

Basi kuondoa mafuta ya chupa kusiwe kuondoa mafuta yote. Tafuta mafuta ambayo bado yako ndani ya mbegu au tunda, pamoja na nyuzinyuzi na protini zake. Hayo yanatosha kubeba karotenoidi, na si rahisi kuyazidisha kama ya kumimina.

Kachumbari ya Pwani ina hekima hii ndani yake. Haitiwi mafuta: ni vitunguu, nyanya, pilipili, ndimu na chumvi. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyanya na vitunguu, maji hayo yanachanganyika na ndimu, na sosi inakuwa imejitengeneza yenyewe. Kisha inaliwa na pilau au nyama choma, na mafuta ya kubeba rangi ya nyanya yanatoka upande wa pili wa sahani. Ukila kachumbari na pilau, huna haja ya sosi nyingine yoyote. Shida inaanza pale saladi inapokuwa ndiyo mlo wenyewe.

Ufuta

Kwangu mimi ufuta ndio unaotangulia. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na protini yake inakaribia sehemu moja ya tano. Lindi na Mtwara wanaulima kwa wingi, lakini majumbani mwetu huishia kwenye kashata na juu ya mikate, wakati ndugu zetu walioko Oman na nchi za Ghuba wanauzoea kila siku kama tahina, yaani ufuta uliosagwa ukawa laini.

Kaanga vijiko vitatu vya chakula vya ufuta kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha. Ukianza kuruka na kunukia, epua mara moja, maana kutoka hapo hadi kuungua ni sekunde chache na ufuta ulioungua ni mchungu. Usage kwenye kinu kidogo au mashine ya kusagia viungo mpaka ulainike na kuanza kutoa mafuta yake. Tia chumvi kidogo na kijiko kimoja cha maji ya ndimu.

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Badala ya kuwa laini, ufuta unakaza, unageuka bonge linaloshikamana na kijiko, na mtu anaona ameuharibu. Haujaharibika. Ufuta uliosagwa ni chembe kavu zinazoogelea ndani ya mafuta yake, na maji machache yanapoingia, protini na wanga wa chembe hizo vinayafyonza na kugandana. Endelea kutia maji, kijiko baada ya kijiko, ukikoroga. Ghafla litaachia na rangi itageuka kutoka kahawia kuwa nyeupe. Weupe huo ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, yakishikiliwa na protini yasikutane na kujitenga. Simama inapokuwa nzito kama uji mwepesi. Sasa una sosi inayoshika majani, na bakuli la watu wanne lina kama gramu 13 za mafuta, yaani gramu 3 na kidogo kwa kila mmoja.

Karanga zinafuata njia hiyohiyo na zinaendana sana na kabichi na karoti, hasa zikikutana na ukwaju. Ila chagua kwa makini. Karanga iliyokunjamana, yenye ukungu au iliyobadilika rangi huweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa. Itupe, usiichanganye na nzima.

Vitu vingine vinavyoshika

Parachichi ni jepesi kuliko yote kwa kazi hii kwa sababu nyama yake tayari ni laini. Karibu asilimia 15 yake ni mafuta na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Lisage na ndimu, chumvi, majani ya giligilani na maji kidogo. Ndimu hapa si ya ladha tu: parachichi likikatwa, vimeng'enya vyake, yaani protini zinazochochea mabadiliko, hukutana na hewa na kulifanya jeusi, na asidi hupunguza kasi yao.

Mtindi, au maziwa lala kama waitavyo Kenya, hufanya kazi kwa njia tofauti. Bakteria wanapochachusha maziwa, protini yake husukana kuwa wavu unaoshika maji ndani. Wavu huo ndio unaoshika majani. Mtindi wa maziwa yasiyoenguliwa una mafuta kama gramu 3 au 4 kwa kila gramu 100, na kalori 60 hivi. Ukiwa mwepesi mno, uning'inize kwenye kitambaa safi saa moja au mbili maji yachuruzike. Na kama unauchanganya na tango, tia tango chumvi kwanza, subiri dakika kumi, ukamue; usipofanya hivyo tango litatoa maji yake ndani ya sosi na utajikuta unakunywa saladi.

Ukwaju na embe bivu havina mafuta ya kutajwa, lakini vina pektini, ileile inayogandisha jamu, pamoja na sukari yake ya asili. Hivyo vinashikisha na kupoza kwa wakati mmoja. Loweka ukwaju kwenye maji ya uvuguvugu, uukande, uchuje kokwa na nyuzi. Ukitumia hivi, weka karanga chache zilizotwangwa juu ya saladi, au vipande vya parachichi, ili karoti zako zisiende bure.

Tui la nazi nalitaja kwa sababu wengi huniuliza. Tui zito lina mafuta mengi, takriban moja ya tano ya uzito wake, na mengi yake ni yale yanayoganda, ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kijiko kimoja au viwili kwenye saladi ya embe ni kitamu na hakina neno. Kikombe kizima ni habari nyingine.

Ukali na harufu

Bila mafuta mengi, ndimu inapiga kwa nguvu zake zote. Ipunguze, kisha ongeza maji ya chungwa au pasheni ili uchachu uje na utamu. Pilipili nayo itakushangaza. Kinachowasha, kapsaisini, hakiyeyuki vizuri kwenye maji, hivyo kwenye sosi ya majimaji pilipili ileile inaweza kuuma zaidi kuliko kwenye ya mafuta. Anza na nusu ya unayoizoea, isipokuwa kwenye mtindi, ambako protini ya maziwa huikamata kapsaisini na kuituliza.

Kitunguu saumu kina siri yake. Ukali wake haupo mpaka ukiponde. Hapo kimeng'enya chake hukutana na kemikali nyingine na kuutengeneza papo hapo. Kimeng'enya hicho hakipendi asidi kali. Ukikiponda ndani ya maji ya ndimu, kitatoa ladha ya upole. Ukikiponda kikavu na kukiacha dakika chache kabla ya kutia ndimu, kitauma ulimi. Kwa sosi isiyo na mafuta ya kukificha, njia ya kwanza ni bora.

Na kwa kuwa hakuna mafuta ya moto ya kuamshia viungo, bizari nyembamba na mbegu za giligilani zipashe moto kwenye kikaango kikavu kisha uzitwange papo hapo. Harufu ikiwa kali, hata chumvi unaitia kidogo, na hilo ni faida kwa sababu kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, karibu kijiko kimoja cha chai.

Mbona za dukani hazina mafuta na bado ni nzito?

Soma karatasi ya chupa. Mara nyingi utakuta sukari, wanga uliobadilishwa na gundi ya zanthani, iliyoandikwa pengine E415. Gundi hiyo hutengenezwa na bakteria aitwaye Xanthomonas campestris, ambaye shambani huozesha kabichi. Kiwandani gundi hutengwa na kusafishwa, na haina madhara kwa mlaji wa kawaida. Mimi nahofia sukari zaidi, na zaidi ya hapo nahofia kwamba sosi hizo hazina mafuta ya aina yoyote, kwa hiyo zinairudisha saladi yako kwenye majaribio ya Iowa.

Za nyumbani hazina dawa ya kuzihifadhi, hivyo tengeneza kidogo. Kwenye friji, ya ukwaju itakaa kama wiki moja, ya ufuta siku nne, ya mtindi siku mbili au tatu. Majani yakaushe vizuri baada ya kuyaosha, kwa sababu maji yaliyobaki juu yake yataifukuza sosi yoyote uliyoihangaikia, na changanya dakika chache kabla ya kula. Kabichi peke yake ndiyo inayopenda kukaa: itie sosi ya karanga na ukwaju nusu saa mapema, chumvi iilainishe.