Posta ya Lamu: yanayosemwa na yaliyokuwa

"Hii ilikuwa posta ya Mjerumani, enzi alipotawala Lamu." Hivyo ndivyo wageni wanavyoelezwa wakipitishwa Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu. Posta ilikuwepo kweli, lakini utawala haukuwepo.

Wajerumani walifungua posta Lamu tarehe 22 Novemba 1888, na mji wakati huo ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Himaya yao ilikuwa Witu, huko bara, ambako Sultani Ahmed, aliyejulikana kwa lakabu ya Simba, aliwapa ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, ardhi mwaka 1885. Witu haina bandari, na barua ya Ulaya haipandi mkokoteni. Posta ya Witu ikabidi ikae Lamu, mji wa mwingine.

Wengine hudhani stampu zake zilichapwa jina la Lamu. Wapi! Zilikuwa zile zile za Ujerumani, thamani kwa pfennig, senti ya Kijerumani, bila neno lolote la huku kwetu. Kinachozitambulisha ni muhuri wa wino uliogongwa juu yake. Ndiyo maana mkusanyaji akiletewa stampu hiyo huupuuza uso wake, akaukodolea macho muhuri, herufi kwa herufi. Walaghai nao wanalijua hilo: stampu ya kawaida, muhuri wa kughushi, bei juu.

Baada ya mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890, himaya ya Witu iliachwa, na posta ikafungwa tarehe 31 Machi 1891.

Basi "Waingereza ndio waliotuletea posta" nayo haisimami. Kampuni yao ya Afrika Mashariki, IBEA kwa kifupi, ilifungua posta zake Mombasa na Lamu Mei 1890, mwaka mmoja na nusu baada ya Wajerumani. Kwa miezi kadhaa Lamu, mji mdogo kama huu, ilikuwa na posta mbili za mataifa mawili.

Linaloudhi zaidi ni kudai kwamba kabla ya hapo watu wa pwani hawakuandikiana. Kwenye hifadhi ya nyaraka ya Goa, India, zimo barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu. Barua alikabidhiwa nahodha, naye alifuata upepo: kusi kumpeleka Arabuni na India, kaskazi kumrudisha. Ukiandika leo, jibu ni msimu mwingine, Mungu akipenda. Na hiyo desturi ya mtumaji kulipa kwa stampu ilikuwa ngeni hata Uingereza, ambako hadi 1840 aliyelipa kwa kawaida alikuwa mpokeaji.

La mwisho ni la leo. Vijana huandika 80500 wakidhani ni namba ya mtaa wao. Ni namba ya posta ya Lamu, kama 80200 ilivyo ya Malindi. Barua inaishia kwenye sanduku, na asiye na sanduku hutumia la shule, la duka au la ami yake, kisha anauliza kila wiki kama ufunguo umeshakwenda posta.