Reki tisa, maneno 400

Makala yangu ya kwanza kuhusu sehemu moja ya tamthilia ilikuwa na maneno 1,900. Nilikaa siku mbili nikiicheza video, nikiisimamisha, nikiandika, nikiendelea. Kila mlango uliofunguliwa niliuandika. Nikaipakia Wikipedia ya Kiingereza usiku, nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Kulipokucha hadithi yangu ilikuwa imebaki maneno 390, na juu ya ukurasa kimebandikwa kibao kinachouliza ni nani mwingine, asiye mtengenezaji wala mtangazaji, aliyewahi kuiandika sehemu hii.

Nilikasirika sana. Leo nami ni mmoja wa wanaobandika vibao hivyo, na kila mara huwa naulizwa swali lile lile: haya masharti alikaa nani akayapanga? Hakuna bosi. Yamepangwa na watu wa kujitolea waliobishana kwenye kurasa za majadiliano, wengine hata hawajui majina halisi ya wenzao.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Ninaposema "sehemu" nina maana ya kile ambacho vijana wanakiita episodi. "Kipindi" silitumii, kwa kuwa kipindi ni programu nzima, tena ni saa ya darasani, tena ni majira. "Msimu" ni msimu, hilo halina ugomvi.

Sasa hayo maneno 400. Mwongozo wa Wikipedia ya Kiingereza kuhusu televisheni unataka muhtasari wa hadithi katika makala ya sehemu moja usizidi hapo. Sehemu ikiwa kwenye jedwali la msimu tu, kikomo ni 200. Filamu hupewa kati ya 400 na 700. Wengi hudhani ni uchoyo wa nafasi, ilhali nafasi ipo tele. Sababu ni kwamba Wikipedia haikubali makala iliyo hadithi tupu. Ukisimulia kila kitu, hujaeleza lolote kuhusu kazi yenyewe: umeinakili tu kwa maneno yako, na mwenye hakimiliki ana haki ya kukunja uso.

Ngoja nitoe mfano ninaoupenda. The Simpsons, tamthilia ya katuni ya Marekani, ina sehemu iitwayo Cape Feare, iliyorushwa Oktoba 7, 1993, katika msimu wa tano. Ndani yake Sideshow Bob, yule mhalifu wa tamthilia, anatoka chini ya gari, anakanyaga reki, mpini unamchapa usoni. Anageuka, anakanyaga nyingine. Mara tisa! Mtu anayesimulia hadithi ataandika sentensi moja, "Bob anakanyaga reki mara kadhaa," na kama ni mimi wa zamani, ataandika sentensi tisa. Lakini jambo lenye thamani halimo kwenye hadithi. Limo kwenye utengenezaji: sehemu ile ilitoka fupi kuliko muda uliotakiwa, wakahitaji kuijaza, basi tukio la reki likarefushwa. Kichekesho ambacho watu wanakikumbuka miaka thelathini baadaye kilizaliwa na upungufu wa dakika. Hilo watengenezaji wamelieleza wenyewe, na ndilo linaloifanya makala iwe makala. Ongeza mwandishi Jon Vitti, mwongozaji Rich Moore, filamu zilizofanyiwa mzaha, na walichosema wahakiki. Hadithi inakuwa robo ya ukurasa, na inatosha.

Kanuni moja humchanganya kila mgeni. Muhtasari wa hadithi hauhitaji tanbihi, kwa sababu sehemu yenyewe ndiyo chanzo. Mwenye shaka akaitazame. Lakini ruhusa hiyo inaishia kwenye kinachoonekana na kusikika. Ukiandika kwamba Bob anacheka, sawa. Ukiandika kwamba anacheka kuficha uchungu wa utotoni, umeshaanza kutafsiri, na tafsiri lazima iwe na mtu aliyeisema mahali panapoaminika. Tovuti ya mashabiki si mahali hapo, hata kama inajua mambo kuliko gazeti. Mara nyingi kweli inajua kuliko gazeti, na hilo linauma.

Kanuni iliyozua vita ni ile tunayoiita kwa Kiswahili "umaarufu". Neno lenyewe ni bovu kwa kazi hii. Linamfanya mtu adhani swali ni kama sehemu inapendwa. Hata ingetazamwa na mamilioni, swali ni kama watu wasiohusika nayo wameiandika kwa kina. Ningekuwa na uwezo ningeliita "kuandikwa" nikamaliza.

Vita ilifika kileleni mwaka 2007 na 2008. Wakati huo Wikipedia ya Kiingereza ilikuwa imejaa makala za sehemu moja moja zenye hadithi, orodha ya waigizaji na rundo la "je, wajua". Kundi moja la wahariri likaanza kuzigeuza kwa wingi kuwa kurasa za kuelekeza, yaani kurasa tupu zinazompeleka msomaji moja kwa moja kwenye orodha ya msimu. Kundi lingine likazirudisha. Zikageuzwa tena, zikarudishwa tena. Ugomvi ukafika Kamati ya Usuluhishi, ambayo ndiyo mahakama ya mwisho ya wanawiki wa Kiingereza. Kamati haikusema makala zipi zibaki na zipi ziondoke, maana kazi yake ni mwenendo wa watu, si yaliyomo. Iliwaambia wafanye kazi kwa pamoja. Haikusaidia. Shauri likarudi mara ya pili, na Februari 2008 ikatolewa amri ya muda: mtu yeyote asifute wala kuelekeza kwingine makala ya sehemu au mhusika wa televisheni mpaka shauri liishe. Lilipoisha mwezi Machi, mhariri mmoja alizuiwa kwa miezi sita kufuta, kuunganisha au kuelekeza kwingine makala hizo, au kuomba hayo yafanywe.

Nikizisoma kurasa zile leo naona pande zote mbili zilikuwa na hoja. Waliofuta walikuwa sahihi kuhusu kanuni, ila kasi yao haikumwachia mtu nafasi ya kutafuta vyanzo. Waliorudisha walisema "tupeni muda", kisha wengine wao hawakuongeza hata tanbihi moja. Kilichomaliza ugomvi, kwa maoni yangu, ni wale waliokaa pembeni wakaandika makala nzuri za sehemu moja moja, hasa wa mradi wa The Simpsons, kundi la wahariri wanaoshughulikia makala za tamthilia hiyo. Ukiwa na makala kumi nzuri za kuonyesha, hubishani tena kama jambo linawezekana.

Mzozo wa majina, wa mwaka 2006, ulikuwa mdogo lakini unachekesha. Sehemu nyingi za kwanza za tamthilia za Marekani huitwa Pilot tu, kwa hiyo lazima jina la tamthilia lifuate ndani ya mabano ili zitofautishwe. Hapo hakuna mjadala. Lakini mashabiki wa Lost, tamthilia ya Marekani, walitaka kila sehemu ya tamthilia yao iwe na mabano, hata What Kate Did, jina ambalo hakuna kitu kingine duniani kinacholing'ang'ania. Walitaka zifanane. Wengine wakasema mabano ni ya kutofautisha, si pambo. Hilo nalo lilifika kwenye Kamati! Mwisho ukawa mabano pale panapohitajika tu, na jina lenye mabano likafanywa ukurasa wa kuelekeza. (Kibao cha kumtahadharisha msomaji kwamba mwisho wa hadithi unafichuliwa nacho kiliondolewa mwaka 2007. Ensaiklopidia inafichua, ndiyo kazi yake.)

Tatizo letu huku kwenye Wikipedia ya Kiswahili ni jingine, na ni la sarufi. Mwongozo wa Kiingereza unataka hadithi ya kubuni isimuliwe kwa wakati uliopo. Tukiufuata neno kwa neno tunapata: "Bob anatoka chini ya gari, anakanyaga reki, anageuka, anakanyaga nyingine." Mtangazaji wa mpira redioni! Kiswahili kimejengewa kusimulia kwa -li- na -ka-: "Bob alitoka chini ya gari, akakanyaga reki, akageuka, akakanyaga nyingine." Hiyo -ka- inambeba msomaji bila kumchosha. Wanaotetea -na- husema kazi ya sanaa haipiti, kila ukiicheza inatokea upya. Hoja ina uzito. Ila bibi yangu alinisimulia hadithi ya sungura mara ishirini, kila mara akitumia -ka-, na sungura hakuwahi kupitwa na wakati.

Kuna na suala la vyanzo. Sehemu ya tamthilia ya Marekani huhakikiwa kesho yake. Tafuta uhakiki wa sehemu moja ya Vitimbi, mchezo wa kuchekesha wa KBC, televisheni ya taifa ya Kenya, uone kama utaupata. Mimi nimetafuta, nikarudi mikono mitupu. Lakini Benson Wanjau, mwigizaji wake aliyejulikana kama Mzee Ojwang, alipofariki Julai 2015, magazeti yaliandika juu yake na juu ya mchezo wenyewe. Kwa hiyo makala ya Vitimbi inawezekana, na ya Mzee Ojwang inawezekana. Ya sehemu moja, hapana. Wanaonijia na orodha ya sehemu 60 za tamthilia ya nyumbani, kila moja na ukurasa wake wa mistari mitatu, nawaambia wazikusanye kwenye jedwali moja chini ya makala ya tamthilia. Mbegu (ndivyo tunavyoita makala fupi mno) 60 zisizoota ni mzigo kwa wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, wachache tulio nao.

Rasimu yangu ya Cape Feare kwa Kiswahili iko tayari. Hadithi ina maneno 212, na nimetumia -ka-. Ukiona ni kosa, ukurasa wa majadiliano uko wazi. Njoo na hoja, usinibadilishie kimyakimya usiku.