Asilimia ya Waliofaulu Inakuambia Nani Kaingia Shuleni

Kila Agosti, shule zinapokaribia kufunguliwa, naulizwa swali lile lile. Safari hii aliyeuliza ni mama mmoja mwenyeji wa Uvira, Kongo, anayeishi hapa Marekani. Tuliketi naye baada ya ibada, simu mkononi mwake imefunguliwa kwenye ukurasa wa takwimu za shule ya kati ya mtaani kwao. "Mwalimu, hii shule iko mbaya? Nimuhamishe mtoto?"

Alichokiona ni namba moja: asilimia ya wanafunzi waliofikia kiwango cha jimbo katika hesabu. Ilikuwa ndogo, na iliwekwa juu kabisa ya ukurasa kwa herufi nene. Kazi yangu ni kuchambua takwimu za shule za umma hapa Marekani, na namba hiyo naiamini kidogo kuliko nyingine zote zinazowekwa mbele ya wazazi.

Sheria ya elimu aliyoitia saini Rais Obama Desemba 2015 inalitaka kila jimbo lipime kusoma na hesabu kila mwaka, kuanzia darasa la 3 hadi la 8, kisha litangaze matokeo ya kila shule kwa makundi: rangi na asili, kipato, ulemavu, wanaojifunza Kiingereza. Shule ya kati kwa kawaida ni darasa la 6 hadi la 8, kwa hiyo watoto wake wote wanapimwa, mwaka hadi mwaka.

Ila mtihani wa darasa la 6 unampima mtoto ambaye shule imekaa naye miezi michache tu. Yaliyobaki kayaleta kutoka nyumbani na shule ya msingi. Jambo hili si geni. Mwaka 1966 mwanasosholojia James Coleman na wenzake walichapisha uchunguzi wa shule zipatazo 4,000 za Marekani, wakaonyesha kwamba tofauti za matokeo zinafuata hali ya familia zaidi ya majengo na vifaa vya shule. Miaka mingi imepita, na bado tunapanga shule kwa asilimia ile ile, tukidhani tunapanga walimu.

Namba ninayoitafuta mimi ni hatua aliyopiga mtoto: alikuwa wapi mwaka jana, yuko wapi sasa. Tazama Chicago. Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford alifuatilia alama za watoto wa shule za umma za jiji hilo kati ya 2009 na 2014. Darasa la 3 walikuwa chini sana ya wastani wa nchi. Kufika darasa la 8 walikuwa wamejifunza mambo ya takriban miaka sita ndani ya miaka mitano. Anayetazama asilimia peke yake angewakimbia walimu wale.

Kwa watoto wetu, kundi la wanaojifunza Kiingereza ndilo linalopotosha zaidi, na hapa naomba uvumilivu wako. Katika majimbo mengi wanapimwa kila mwaka kwa mtihani wa Kiingereza uitwao WIDA, wenye ngazi 1 hadi 6. Akifikia ngazi iliyowekwa na jimbo, anatoka kwenye kundi. Nafasi yake inachukuliwa na mgeni aliyeshuka ndege juzi. Ni kuteka maji kwa pakacha: kila anayefaulu anatoka, kisha tunashangaa kwa nini kundi halijai. Sheria inaruhusu waliotoka wahesabiwe kwenye kundi hadi miaka minne, kwa hiyo kabla hujalinganisha shule za majimbo mawili, uliza kila jimbo linahesabu vipi.

Halafu mfikirie mtoto aliyekulia kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma. Nyumbani Kiswahili, darasani Kifaransa, kwa sababu shule za Wakongo kambini zinafuata mtaala wa kwao. Anafika hapa ana miaka 13, anawekwa darasa kwa umri wake, anapewa swali la hesabu lenye mistari sita ya Kiingereza. Sehemu za hesabu, kama nusu na robo, anazijua vizuri. Asichokijua ni sentensi inayozificha. Kwenye ukurasa anaandikwa kwamba hakufikia kiwango cha hesabu.

Safu ya rangi nayo inamchanganya mtoto huyo na watoto Weusi ambao wazazi na mababu zao wamezaliwa hapa, na shida zao hazifanani na zake. Mwalimu mkuu anayetaka kuwasaidia wote hawezi kuwatofautisha kwa safu hiyo.

Na umaskini? Zamani ulihesabiwa kwa fomu za chakula cha mchana: bure kwa familia zenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini, bei nafuu hadi asilimia 185. Siku hizi shule nyingi zinawalisha watoto wote bure bila fomu, na tangu 2023 imekuwa rahisi zaidi kwa shule kujiunga na mpango huo. Naufurahia kwa moyo wote. Ila ukiona shule imeandikwa asilimia 100 ya watoto ni maskini, jua huenda unasoma habari za jikoni, si za kipato cha familia.

Tulishuka na mama yule ukurasa hadi chini, tukaikuta safu ya maendeleo, yaani hatua walizopiga watoto. Watoto wanaojifunza Kiingereza pale walikuwa wanapanda kuliko wastani wa jimbo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia jambo lililonishtua: kwenye fomu ya lugha ya nyumbani ya mdogo wake huyo mtoto, alijaza Kiingereza. Aliogopa atawekwa nyuma. Kumbe fomu hiyo ndiyo inayoanzisha kupimwa, na kupimwa ndiko kunakomletea mwalimu wa lugha.

Nikamwomba aende ofisini Jumatatu akaseme ukweli wa lugha ya nyumbani kwake, na adai mkalimani wa Kiswahili. Shule ya umma inawajibika kumleta, bila malipo.