Mseto haukumponya, homa iliondoka yenyewe

Jumanne asubuhi kijana mmoja alisimama kwenye dirisha la maabara yetu hapa Dodoma, na kabla hata ya salamu akaniambia, "Dokta, mke wangu ana Lyme. Naomba mumpime." Mkononi alishika kadi ya kliniki ya mkewe, mjamzito wa miezi mitano, na ndani yake makaratasi ya zahanati tatu. Ugonjwa ulikuwa na wiki mbili na ushee. Malaria hasi, lakini mseto, dawa ya malaria, ukaandikwa. Widal, kipimo cha taifodi, chanya, dawa za taifodi. Halafu UTI.

Nikamuuliza, "Kaka, kabla ya kuugua alisafiri?" Alikuwa amekwenda msibani kwa bibi yake, vijijini Chamwino. Alilala matangani siku sita kwenye mkeka, ndani ya tembe, nyumba ya udongo.

Lyme hakuipata huko. Jina hilo ni la mji wa Lyme, Connecticut, Marekani, ambako miaka ya 1970 watoto wengi walionekana wamevimba viungo. Bakteria wake alitambuliwa na Willy Burgdorfer mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huenezwa na kupe wagumu wa jamii ya Ixodes, wanaoganda mwilini siku kadhaa. Hata hivyo huyu kaka, aliyekesha na simu akitafuta ugonjwa wa mkewe, alikuwa karibu na ukweli kuliko zahanati zote tatu. Alitaja ndugu wa ugonjwa tulioushuku, homa ya papasi. Lyme na homa ya papasi zinaletwa na bakteria wa ukoo mmoja, Borrelia. Wa kwetu anaitwa Borrelia duttonii, kwa jina la Joseph Everett Dutton, daktari aliyeuchunguza ugonjwa huu Kongo na kufa nao huko huko mwaka 1905.

Papasi ni kupe laini. Mchana amejificha kwenye nyufa za ukuta wa udongo na vumbi la sakafu. Usiku hutoka, hunyonya kama nusu saa, hurudi alikotoka. Asubuhi huoni kitu. Kwa hiyo mgonjwa akiulizwa kama aliumwa na kupe atajibu hapana, na atakuwa anasema kweli. Papasi anaweza kukaa miaka bila kula, na bakteria hupita kwenye mayai yake hadi kwa watoto wake, kwa hiyo hata nyumba iliyohamwa zamani haiaminiki.

Sasa nifike kwenye neno linaloniumiza, ambalo nalisikia kila msimu na ambalo huyu kaka naye alilisema: "Lakini alipomeza mseto alipata nafuu. Basi mwanzoni si ilikuwa malaria?"

Hapana. Tuhesabu pamoja. Bakteria huyu amevaa kama koti la protini. Mwili unalitambua koti hilo, unatengeneza kingamwili, na baada ya siku tatu hivi unakuwa umeua karibu wote. Mgonjwa anatetemeka vibaya sana, anatoka jasho la kulowesha shuka, kisha homa inashuka kabisa. Anaomba uji, anakaa nje kwenye kivuli. Lakini wachache waliokwisha kubadili koti wamebaki. Wanazaliana kimya kimya kama wiki moja, halafu homa inarudi. Na dozi ya mseto ni ya siku ngapi? Tatu. Mgonjwa anameza kidonge cha mwisho siku ile ile ambayo homa ingeshuka hata kama angekunywa maji matupu. Mseto unaua vimelea wa malaria. Borrelia haumgusi.

Homa ikirudi, inaitwa malaria sugu, au taifodi imejificha. Widal inasoma kingamwili, na kingamwili zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani. Mgonjwa anapewa dawa nyingine, siku ya tatu homa inashuka tena, na dawa hiyo nayo inasifiwa. Nimeona watu waliozunguka hivyo mizunguko minne, wamekonda, fedha imeisha, na kila dawa waliyopewa wanaapa iliwasaidia "kidogo".

Na kile kipimo cha haraka cha malaria kikitoka hasi kimesema jambo moja tu, kwamba hakikuona malaria. Bakteria wa papasi anaonekana kwenye slaidi ya damu, chini ya hadubini, kwa jicho la mtu anayemtafuta. Hapo ndipo anapotofautiana na Lyme, kwa sababu bakteria wa Lyme haonekani kwenye damu kwa njia hiyo, hutafutwa kwa kingamwili. Tena kama yule kaka angepeleka damu ya mkewe kupimwa Lyme, kipimo kingeweza kutoka chanya kwa sababu ya undugu wa bakteria hawa, na angeondoka akiamini jina lisilo lake.

Ugumu ni kwamba slaidi lazima itoke wakati mgonjwa anachemka. Jumanne ile mkewe alikuwa wa baridi. Nilisoma slaidi karibu nusu saa, sikuona kitu. Nikamwambia kaka amrudishe homa ikipanda, hata usiku wa manane. Alikasirika, na alikuwa na haki. Kwa mjamzito homa hii huweza kuharibu mimba. Daktari wetu alitaka aanze dawa siku hiyo hiyo, mimi nikashauri tusubiri ushahidi. Mpaka leo sijui kama nilishauri vyema. Na nikiri jingine: nilipokuwa mgeni kazini nilisoma slaidi nyingi nikiwinda malaria tu. Sitajua ni bakteria wangapi wa papasi niliowapita.

Alhamisi saa tano usiku walifika kwa bajaji. Alikuwa amejifunika khanga mbili na blanketi, na meno yanagongana. Nikatengeneza tone nene na jembamba, nikapaka rangi ya Giemsa, nikaweka mafuta. Uwanja wa tatu wa kutazama, alikuwepo: uzi mwembamba wa zambarau, umejikunja kama uliochomolewa kwenye pindo la khanga, umelala kati ya chembe nyekundu. Kisha wa pili. Nikamwita mumewe aje atazame mwenyewe. Aliinama pale muda mrefu bila kusema neno.

Kwa watu wengine tunatumia doksisaiklini. Yeye kwa ujauzito alipewa erithromaisini, akalazwa, kwa sababu saa chache baada ya dozi ya kwanza bakteria hufa kwa wingi, homa hupanda zaidi na presha inaweza kuanguka. Usimpe mtu dozi hiyo ukamwacha arudi peke yake na bodaboda. Alitetemeka hadi alfajiri, muuguzi hakumwacha. Mtoto alicheza tumboni asubuhi.

Mumewe alipokuja kuaga aliuliza, "Na bibi je? Bado analala pale chini." Nikamweleza: kitanda kisichogusa ukuta, nyufa zizibwe, sakafu na kuta zipuliziwe dawa, na yeyote mwenye homa ya kwenda na kurudi apimwe ikiwa juu. Jumamosi alikwenda Chamwino na kitanda cha chuma kimefungwa juu ya Noah.