Uji kupita si kupona

"Lakini dokta, uji unapita." Nimeambiwa tena na mgonjwa anayekwamwa na chakula, na safari hii naandika, kwa sababu kauli hii inachelewesha watu wanaotibika.

Umio, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni, kwa mtu mzima hutanuka hadi milimita 20 hivi. Kipenyo kikishuka chini ya 13, nyama na ugali huanza kukwama. Uji hupita hata penye tundu jembamba sana. Kwa hiyo mgonjwa aliyeacha ugali akahamia wali laini, kisha mtori, kisha uji, hajazoea ugonjwa. Umio unaziba, naye anaufuata. Kumwongezea omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, bila kumpima kwa kamera ni kupoteza muda: kiungulia kitapoa, kovu linaloubana umio litabaki.

Tena si kila umio uliobana ni kovu. Kuna kovu la asidi ya tumbo, kuna la magadi ya sabuni au maji ya betri, ambayo watoto huyanywa kwa kuwa yamehifadhiwa kwenye chupa za soda. Na kuna saratani, ambayo ukanda wetu wa Afrika Mashariki unaijua mno. Kwa kamera ninayoipitisha kooni pekee naweza kudanganyika, ndiyo maana nachukua kipande kidogo cha nyama ya umio kikapimwe maabara, hata ndugu wakilalamika kuwa majibu yanachelewa.

Kovu tunalitanua kwa puto au kwa mirija inayoongezeka unene. Kanuni tuliyofundishwa ni kutozidisha milimita 3 kwa siku moja baada ya kuhisi ukinzani. Kusema kweli, imejengwa juu ya uzoefu kuliko tafiti kubwa, na wapo wenzangu wanaoivuka. Kwa kovu la magadi mimi siivuki, maana umio ukitoboka mgonjwa anaweza kufa.

Sasa linaloniumiza zaidi. Baada ya awamu ya kwanza ya kutanua, uji unateremka vizuri, familia inashukuru, na hawarudi. Kovu hujivuta upya. Kurudi baada ya wiki chache, tena na tena, si ushahidi kwamba daktari alishindwa. Hiyo ndiyo tiba yenyewe. Sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya kovu huweza kurefusha nafasi kati ya awamu, ingawa kwa makovu ya magadi matokeo yake hunichanganya: huyu anapona, yule habadiliki.

Mtu aliyetanuliwa leo akipata maumivu makali ya kifua, homa au shingo kuvimba, asile wala asinywe chochote. Arudi hospitali usiku huohuo, asingoje tarehe ya kliniki.