Breki za rodbaiki ya zamani: "si itaingia tu?" Hapana, pima kwanza

Nimeskia hii maneno mpaka nimechoka, kwa hivyo wacha niandike yote pahali moja. Mtu amepata rodbaiki ya zamani, Raleigh ama Peugeot ile ya fremu ya chuma, ametoa magurudumu ya inchi 27 akaweka ya saizi ya kisasa, 700c, kwa sababu taya (tairi) za 27 siku hizi ni za kutafuta na tochi, halafu anakuja na kalipa mpya (ile mikono ya breki inayobana rimu) bado iko kwa boksi, ameshalipa pesa yake yote, ati fundi nifungie tu. Namuuliza, ulipima? Ananiambia breki ni breki, bora bolti iingie kwa shimo.

Bolti kuingia kwa shimo haimaanishi chochote. Swali ni brekipadi zitagusa wapi gurudumu likishawekwa. Hapa ndipo watu wanaumia, na nitakaa hapa kidogo.

Rimu ya 27, pale taya inakalia, ni milimita 630 kutoka upande mmoja mpaka ule mwingine. Ya 700c ni 622. Tofauti ni 8, gawa kwa mbili, maanake ukiweka 700c padi lazima zishuke milimita 4 zaidi. Mtu akiskia 4 anasema hiyo ni kitu kidogo. Sasa shika padi yenyewe uipime kutoka juu hadi chini, ni kama milimita 10 hivi, na ule ukuta wa rimu unaoshikwa nao ni karibu hivyo hivyo. Ukikosa 4 hapo, karibu nusu ya padi iko juu ya taya.

Na padi kwa taya ndio kitu inaninyima usingizi. Toa gurudumu uangalie vizuri: kwa ubavu wa taya unapata mstari umesuguliwa laini kuzunguka kote, mpira umeisha na nyuzi zimeanza kuonekana. Angalia padi nayo, imeliwa upande wa chini pekee, juu imebaki na kamdomo. Mwenye baiskeli anakuambia inashika vizuri kabisa. Inashika, ndio, lakini inashika kitu haifai kushika. Hiyo taya itapasuka wakati umebana breki sana, na unabana sana ukiwa kwa mteremko, ukishuka kutoka Kona Baridi kuelekea Magadi ama ile barabara ya Mai Mahiu na lori liko nyuma yako.

Kupima hakuhitaji fundi. Anza katikati ya shimo la bolti ya breki kwa fremu ama kwa foki (ule uma unaoshika gurudumu la mbele), shuka na rula moja kwa moja mpaka katikati ya ule ukuta wa rimu ambapo padi inafaa kushika. Kama gurudumu la 700c uko nalo, weka hilo ndio upime. Kama uko na la 27 tu, pima hilo uongeze 4. Pima mbele, pima na nyuma, usiseme zinafanana, kwa fremu nyingi za zamani hazifanani. Hiyo namba ndio unaenda nayo dukani, si picha ya baiskeli kwa simu.

Kalipa nyingi za kisasa za rodbaiki padi zake zinafika kati ya milimita 39 na 49 chini ya bolti. Kuna za kati, 47 mpaka 57. Halafu kuna ndefu kama Tektro R559, 55 mpaka 73. Sasa ukipima upate 54, ile kalipa ghali ya milimita 39 hadi 49 haitafika hata kama ndio walikuwa wanatumia kwa mashindano Ufaransa, na ile ya kati ya bei ya chini itakaa vizuri kabisa. Bei haiongezi urefu wa mkono. Na ukipata chaguo mbili zote zinafika, chukua ile fupi, kwa sababu mkono ukiwa mrefu nguvu inapungua na mkono wenyewe unapinda kiasi.

Kuna dawa moja ya jua kali ambayo nakuomba uikatae: kuchukua tupa na kurefusha ule mfereji wa mkono wa kalipa ambapo padi inafungwa, ndio ishuke. Pale mwisho wa mkono ndipo nguvu yote ya kusimama inapita na wewe unapunguza chuma hapo hapo. Ikivunjika huna breki, na haivunjiki ukiwa umesimama kwa geti.

Na usisome inchi, tafadhali. Inchi za baiskeli zinadanganya sana. Taya nyingine za 700c zimeandikwa 28, na hiyo 28 ni ndogo kuliko 27! Halafu ile baiskeli ya Black Mamba ya mzee nayo ni 28 kwa moja na nusu, lakini hiyo ni 635, kubwa kuliko hizo mbili. Tafuta kwa ubavu wa taya namba ya tarakimu tatu, 622, 630 ama 635. Hiyo ndio ukweli.

Wengine nao wamekuja na uongo wa upande ule mwingine, ati ukibadilisha kuenda 700c lazima ununue breki mpya. Si lazima. Hizo rodbaiki za 27 nyingi zilikuja na breki za mikono mirefu, zile Weinmann na Dia-Compe za kuvutwa katikati na kakebo kafupi juu, na mara nyingi ukilegeza padi na kuzishusha mpaka chini ya mfereji zinafika bila neno. Jaribu hiyo kwanza. Padi za zamani zimekauka zikawa ngumu kabisa, na kebo iko na kutu ndani, kwa hivyo mtu anasema breki ni mbovu kumbe breki ni nzima. Padi mpya, kebo mpya, kava mpya (lile ganda kebo inapita ndani), hapo ndipo ningeanza kila wakati kabla ya kugusa pesa ya kalipa. Na kava iwe ya breki, si ya gia. Ile ya gia ina waya zimelala kwa urefu, ukibana breki kwa nguvu inaweza kupasuka, ya breki imezungushwa ndio ivumilie.

"Shimo ni dogo, toboa tu." Toboa wapi? Kalipa za kisasa zinafungwa na nati ndefu inayoingia ndani, inataka shimo la milimita 8, na fremu ya zamani iko na 6 tupu. Kwa foki unatoboa upande wa nyuma peke yake, ule wa mbele unabaki 6 kwa sababu ndio unaishikilia bolti isicheze. Nimeona foki zimetobolewa 8 pande zote, kalipa inatikisika ovyo, na hapo hakuna washa itakusaidia. Kwa breki ya gurudumu la nyuma usitoboe kabisa, chukua kalipa ya mbele, bolti yake ni ndefu, uifunge huko na nati ya kawaida. Ama nunua ile inakuja na nati ya nje tangu mwanzo, zipo.

"Weka breki za V kama za mountenibaiki, hizo zinashika." Zinashika na leva zake. Breki ya V inataka kebo ivutwe karibu mara mbili ya ile leva ya rodbaiki inavuta, kwa hivyo utabana mpaka leva ifike kwa usukani na baiskeli bado inaenda. Ukigeuza, leva za V na kalipa za rodi, unapata kitu ngumu mkononi na nguvu hakuna. Na kwanza fremu yako haina vile vijiti vya kufungia, so ni kuweldi, na kuweldi fremu nyembamba ya zamani mimi sikubali.

Breki za diski? Hapana. Hiyo foki haikutengenezwa kubeba hiyo nguvu upande mmoja chini. Wacha kabisa.

Sasa rimu za chuma zile za kromu. Watu wanazipenda, zinang'aa, na ati "ni ngumu kuliko alumini". Wakati wa jua sawa. Lakini ngoja mvua za Machi hadi Mei, maji yanakaa kwa kromu, unabana na gurudumu linaendelea kuzunguka, na matatu imesimama mbele yako bila indiketa. Alumini ikilowa nayo inachelewa lakini si hivyo. Ukiniuliza pesa yako ya kwanza iende wapi kwa hii kazi yote, ni rimu za alumini, hata kabla ya kalipa. Na usisugue kromu na msasa ndio "ishike", utapata kutu tu.

La mwisho, hili naliskia hasa kwa wazazi: "usitumie breki ya mbele, itakurusha." Mpaka kuna mtu aliniambia nitoe kabisa ya mbele. Ukibana, uzito mwingi unakuja mbele, gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na linateleza tu. Nguvu kubwa ya kusimama iko mbele. Unarusha mwili nyuma kidogo, unakaza mikono, unabana polepole ukiongeza, hurushwi. Kinachorusha watu mara nyingi ni kunyakua leva ghafla, ama kunyakua ile haikuwa kwa akili yako, na hapo angalia kitu kimoja: sisi hapa wengi tumezoea breki ya mbele mkono wa kulia, na baiskeli nyingi za mtumba kutoka Ulaya zinakuja na ya mbele kushoto. Ukiwa unabadilisha kebo na kava ndio wakati wa kugeuza, mwambie fundi kabla hajakata kava, juu akishakata urefu unakuwa umeamuliwa.