Kusuka upya nyuma ya gari: bushi, shoki na breki za dramu

Kusuka upya nyuma ya gari ni kushusha kila kinachobeba na kinachosimamisha magurudumu mawili ya nyuma, kukwangua kutu, kubadilisha vilivyo vya mpira na vinavyosuguliwa, kisha kurudisha kila kimoja kwa kipimo chake. Wengi huchanganya kazi hii na kubadilisha shoki. Shoki ni sehemu moja tu, tena ndiyo rahisi kuliko zote.

Hapa tunazungumzia magari madogo yaliyojaa Mombasa, Vitz, Fielder, Note na wenzao. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, na nyuma kuna bimu moja ya chuma iliyoshikwa na bodi kwa bushi mbili kubwa (viungo vya chuma na mpira), springi mbili, shoki mbili na breki za dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu. Gari lenye difu nyuma lina bushi nyingi zaidi, lakini kanuni ni ileile.

Vyote hufanywa kwa pamoja kwa sababu ubovu wa kimoja hujificha nyuma ya kingine. Bushi ikichanika, bimu husogea kila ukikanyaga breki, na mwenye gari hulaumu breki. Silinda ya gurudumu, inayosukuma breki shuu (vipande vinavyosugua dramu kwa ndani), ikivuja, breki shuu mpya hulowa oili na huwa hazifai tena. Isitoshe, bolti uliyoifungua kwa jasho leo hutaki kuifungua tena mwezi ujao.

Jasho hilo, kwa hapa Pwani, husababishwa na kutu. Magari mengi hushuka Kilindini yakiwa yametumika Japani kwa miaka kadhaa, mengine kwenye mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, kisha yanakuja kulala Nyali au Likoni kwenye upepo wa bahari. Wapo pia wanaoosha gari chini kwa maji ya kisima yenye chumvi, wakidhani wanaondoa kutu. Chini ya gari paoshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, au pasioshwe.

Nunua spea kabla ya kufungua nati ya kwanza: bushi 2 za bimu, shoki 2, vizuizi vya mpira 2 (vya kuzuia bimu isigonge bodi), seti ya breki shuu (vipande 4), silinda za gurudumu 2, seti ya springi ndogo za breki, mipira ya breki 2 (mirija inayopitisha oili), oili ya breki lita 1, na bolti na nati mpya za bimu. Ukizunguka maduka ya Mwembe Tayari, beba namba ya chesisi. Jina la gari pekee halitoshi, maana modeli moja huweza kuwa na dramu za vipimo viwili tofauti. Shoki za mitumba zaweza kuokoa pesa. Bushi, silinda na breki shuu za mitumba haziokoi chochote.

Siku mbili kabla, piga brashi ya waya kwenye bolti zote, kisha zipulizie mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni. Pima pia urefu kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake, gari likiwa limesimama chini bila mzigo, na uuandike. Utauhitaji.

Gari likae juu ya stendi mbili zilizowekwa chini ya bodi, mahali palipotengewa jeki, na magurudumu ya mbele yazuiwe kwa vipande vya mbao. Uani kwenye mchanga, tandika ubao mnene kwanza. Usiliegemeze gari kwenye jiwe la matumbawe la kujengea: hupasuka ghafla, na wewe uko chini.

Bushi ndiyo kiini cha kazi yote. Ni bomba mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na mpira uliogandishwa katikati yake. Bolti hubana bomba la ndani kwenye bodi lisizunguke kabisa, na bimu inapopanda na kushuka ni mpira unaojisokota. Ukiitazama bushi iliyokufa utaona ufa unaofuata mviringo wa bomba la ndani, na ukiingiza ncha ya bisibisi inazama bila kugusa kitu. Nyufa ndogo za juujuu si kitu. Huo ufa wa mviringo ndio ubovu wenyewe.

Kabla ya kuing'oa, weka alama kwenye bimu kuonyesha imekaaje. Bushi nyingi za bimu zina matundu pande mbili, na matundu hayo huamua upande upi uwe laini na upi uwe mgumu. Ukiigeuza robo mzunguko, nyuma itayumba kwenye kona ingawa kila kitu ni kipya. Kuitoa, toboa mpira, ondoa bomba la ndani, kisha kata bomba la nje kwa msumeno wa chuma kutokea ndani mpaka lijikunje, bila kuila bimu. Kuna wanaoichoma kwa moto. Inatoka, lakini kwa moshi wa sumu na kwa kuunguza rangi inayolinda bimu. Mpya huvutwa ndani kwa skrubu ndefu ya milimita 14, washa nene, na kipande cha bomba kinachokalia ukingo wa nje tu wa bushi. Paka maji ya sabuni. Grisi na oili ya injini huufanya mpira ufure na kulegea.

Sasa hapa ndipo kazi nyingi za uani huharibika. Ukikaza bolti ya bushi magurudumu yakiwa yananing'inia, bomba la ndani hubanwa kwa pembe hiyo. Gari likishuka chini, mpira unakuwa umesokotwa muda wote hata likiwa limeegeshwa, na kila tuta huusokota zaidi. Bushi itachanika mapema na lawama zitamwendea aliyekuuzia. Kaza kwa mkono tu, inua bimu kwa jeki mpaka ule urefu ulioandika urudi, ndipo ukaze kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari lako. Kama umeweka springi mpya, urefu wa zamani hautumiki: shusha gari juu ya magurudumu, litikise mara kadhaa litulie, kisha ukaze likiwa hapo. Bolti ya chini ya shoki, kama ina bushi ya mpira, nayo hufuata kanuni hiyo.

Shoki na springi hazina maneno mengi. Tegemeza bimu kwa jeki, fungua shoki chini, shusha bimu polepole, na springi itatoka yenyewe. Angalia tu bimu isining'inie kwenye mipira ya breki. Shoki mpya ya mafuta isimamishe wima na uibonyeze hadi mwisho mara tano sita, maana ikilazwa ghalani hewa huingia mahali pa mafuta. Usishike fimbo yake inayong'aa kwa koleo. Mkwaruzo mmoja hukata sili inayozuia mafuta. Ikiwa gari lako limefungwa springi juu ya shoki yenyewe, pasipo kifaa cha kubania springi acha, mpelekee fundi. Springi iliyobanwa ikifyatuka huvunja mifupa.

Breki. Dramu isipotoka, legeza hendibreki na ajasta (skrubu inayosogeza breki shuu karibu na dramu) kwanza, kisha tafuta matundu mawili yenye nyuzi usoni mwake. Kwenye Toyota nyingi huingia bolti za milimita 8; zikaze kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, nayo itajisukuma nje. Usipulize vumbi la ndani kwa mdomo wala kwa kompresa, kwani breki shuu za zamani huweza kuwa na asbesto. Osha kwa maji ya sabuni. Soma maandishi kwenye dramu: yanataja kipenyo cha juu kinachoruhusiwa. Ya milimita 200 mara nyingi huishia 201. Ikizidi hapo ni chuma chakavu, hata kama uso wake unang'aa.

Fungua upande mmoja kwanza, wa pili ubaki mzima uwe kielelezo chako cha springi ipi inakaa wapi. Ajasta za kushoto na kulia zina nyuzi zinazopingana. Ukizibadilisha pande, breki zitajilegeza badala ya kujikaza. Inua ukingo wa kifuniko cha mpira cha silinda. Unyevu kidogo ni wa kawaida, tone linalodondoka ni uvujaji. Sahani ya nyuma ina sehemu sita zinazobeba breki shuu. Zisugue kwa msasa na uzipake grisi ya breki nyembamba mno, isifike kwenye uso wa msuguano. Paipu ya chuma iliyoliwa na kutu ibadilishwe nzima, ncha zake zikunjwe mara mbili. Ya kuungwa katikati kwa kuchomelea isikubaliwe hata bure.

Oili ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya Mombasa ina maji tele. Oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya huchemka si chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kikomo hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa mwaka jana haifai. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo.

Kutoa hewa, anza gurudumu la nyuma kushoto, ambalo kwenye gari la usukani wa kulia ndilo lililo mbali zaidi na silinda kuu, ile inayosukumwa na pedali. Mwenzako akanyage taratibu na ashikilie, wewe ufungue skrubu ya kutolea hewa nyuma ya silinda ya gurudumu na kuifunga kabla hajaachia. Asikanyage mpaka sakafuni: kwenye gari kuukuu, sili za silinda kuu zikipita sehemu ya ndani yenye kutu ambayo huwa hazifiki, hukatika, na utarudi nyumbani na ubovu ambao hukuwa nao. Weka kipande cha mbao chini ya pedali. Angalia pia chupa ya oili ya breki iliyo juu isikauke.

Rekebisha breki shuu kwanza, hendibreki mwisho. Ukianza na waya wa hendibreki, ajasta haifanyi kazi na pedali itabaki chini daima. Hendibreki ya Toyota nyingi ndogo hutakiwa kushika kati ya mlio wa 6 na wa 9 unapoivuta.

Nati za magurudumu kwenye Toyota hizi hukazwa kwa Nm 103 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Jaribu breki kwa mwendo wa kutembea ukiwa barabara tulivu na tambarare, si kwenye mteremko wa kuingilia feri Likoni. Kisha simama kwa upole mara kumi hivi kutoka kilomita 50 kwa saa, ukiacha dramu zipoe katikati. Baada ya kilomita 100, kaza nati tena na uchungulie silinda zote mbili.